Ameng'atwa na mbwa? Usianze na matone

Kingamwili ni nini?
Ni protini ambazo mwili hutengeneza ili kunasa virusi, bakteria au sumu.

Kuna matone yanayouzwa kama dawa ya kichaa cha mbwa: kingamwili iliyozimuliwa kwa maji mara nyingi. Muuzaji anasema ukipitisha mwanga, yanaonekana tofauti na maji.
Protini hunyonya mwanga wa urujuanimno, hasa kwenye nanomita 280. Ikipungua, mwanga unaonyonywa nao hupungua. Zimua tone moja kwa matone 99 ya maji, rudia mara 12: hutarajii kubaki hata molekuli moja. Mashine ya kupima mwanga ikionyesha tofauti kidogo, uliza kwanza vumbi, viputo, joto na chupa yenyewe. Na hata tofauti ingekuwepo, mwanga hautibu mtu.

Si kuna wanasayansi waliothibitisha?
Mwaka 1988 Jacques Benveniste wa Ufaransa alichapisha kwenye jarida la Nature kwamba kingamwili iliyozimuliwa kupita kiasi bado inaamsha seli za damu. Jarida likatuma wachunguzi. Walipoficha chupa ipi ni ipi, matokeo yakatoweka.

Mtoto kang'atwa na mbwa huku Sikonge. Nimpe matone kwanza nione ataamkaje?
Hapana. Osha kidonda sasa hivi kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili, kisha nendeni kituoni leo. Pilipili, majivu na mafuta ya taa viacheni jikoni.

Kidonda ni mchubuko tu, na mbwa ni wa jirani.
Nendeni leo.

Mtoto anacheza vizuri, hana hata homa.
Ndiyo maana nasema leo! Kichaa cha mbwa hukaa kimya, mara nyingi mwezi hadi miezi mitatu. Akianza kuogopa maji, karibu hakuna anayepona. Wazazi wengi hutufikia wakati huo, chupa ya matone mkononi.

Zimepita siku tano.
Nendeni hivyo hivyo, msione aibu. Kuchelewa si sababu ya kukosa chanjo.

Hospitali nako si wanatoa kingamwili hiyohiyo?
Wanatoa iliyopimwa kwa uzito wa mgonjwa, huchomwa ndani na kuzunguka kidonda kikiwa kibaya, pamoja na chanjo. Chanjo ina ratiba. Msikatishe baada ya sindano ya kwanza. Zahanati ikikosa, daini rufaa papo hapo, msirudi nyumbani kusubiri.