Bitireti: namba inayoamua uzito wa video

Una video mbili. Zote ni za dakika moja, picha zake ni za ukubwa uleule, na ukizicheza kwenye simu hutaona tofauti ya maana. Ajabu ni kwamba moja ina megabaiti 60 na nyingine 15. Ukiweka ya kwanza kwenye tovuti, ukurasa unajikongoja. Kinachozitofautisha ni bitireti.

Bitireti ni idadi ya biti zinazotumika kuhifadhi kila sekunde ya video. Hesabu yake ni nyepesi: zidisha bitireti kwa sekunde, kisha gawanya kwa 8, maana baiti moja ni biti 8. Megabiti 8 kwa sekunde, mara sekunde 60, ni megabiti 480, yaani megabaiti 60. Ishushe hadi megabiti 2 na faili linabaki na megabaiti 15. Ndiyo maana kubadili jina la faili kutoka .mov kuwa .mp4 hakupunguzi kitu: umebandika lebo mpya kwenye mkebe uleule. Kuifunga kwa zipu nako karibu hakusaidii, kwa kuwa video imeshabanwa tangu ilipotoka kwenye kamera.

Imebanwa kiasi gani? Fremu moja, yaani picha moja kati ya zinazofuatana kuunda video, ikiwa ya 1920 kwa 1080 ina pikseli (nukta za rangi) 2,073,600. Kila pikseli ikipewa baiti 3, na fremu zikiwa 30 kwa sekunde, unapata karibu megabaiti 187 kila sekunde. Dakika moja ingepita gigabaiti 11. Anayetuokoa hapo ni kodeki, yaani mbinu ya kubana na kufungua video. Mtu akiwa ameketi anaongea mbele ya ukuta, kodeki huhifadhi fremu moja nzima, kisha kwa zinazofuata huandika kilichobadilika tu: midomo, kope, mkono unaoinuka. Ukuta haurudiwi. Lakini rekodi mvua, au majani yanayotikiswa na upepo, na karibu kila kitu kinahama kila fremu. Hapo biti huliwa kwelikweli, na ukizibania picha inaanza kugawanyika vijiboksi.

Kwa hiyo mtu akikuuliza bitireti nzuri ni ipi, muulize kwanza video yake ina nini. Mimi sipendi kuikisia. Kisimbaji cha x264, yaani programu inayobana video kwa kodeki ya H.264, kina kipimo kiitwacho CRF, cha 0 hadi 51, ambapo unataja ubora na chenyewe kinapanga biti kulingana na picha. Kawaida yake ni 23. Ukipandisha namba kwa 6, faili hupungua takriban nusu. Amri ninayoanza nayo ni hii, ya FFmpeg, programu ya kuchakata video:

ffmpeg -i asili.mov -c:v libx264 -crf 26 -vf scale=-2:720 -an -movflags +faststart tovuti.mp4

Sehemu ya scale inashusha kimo cha picha hadi pikseli 720. Ikitoka 1080, pikseli zinabaki chini ya nusu, na kwa video inayokaa kwenye kona ya ukurasa hakuna atakayezililia. Herufi -an zinaondoa sauti. Zifute kama kuna mtu anaongea. Kwa video ya mapambo inayojicheza kimyakimya nyuma ya maandishi, kubeba sauti ni kumtoza msomaji bando bure.

Kodeki yenyewe nayo ina uzito wake. H.264 ni ya mwaka 2003 na hufunguka karibu kila mahali. VP9 ya 2013 na AV1 ya 2018 hutoa faili dogo zaidi kwa ubora unaokaribiana, ila kuzitengeneza huchukua muda mrefu na vifaa vya zamani huweza kuzikataa. Anayeanza abaki na H.264. Na daima abane kutoka faili la asili, si kutoka nakala iliyokwisha kubanwa, kwani kila mzunguko unakwangua picha tena.

Limebaki lile neno faststart. Halipunguzi hata baiti moja. Faili la MP4 lina faharasa yake, na mara nyingi huandikwa mwishoni; neno hilo huihamishia mbele, ili kivinjari kianze kucheza huku sehemu nyingine zikiendelea kuingia.