Je, wajua kwa nini Waingereza wa zamani waliweka maua ndani ya meko?

Katika Uingereza ya karne ya 18 kulikuwa na chombo kilichoitwa bough-pot, yaani chungu cha matawi. Mahali pake hapakuwa mezani, bali ndani ya meko ya sebuleni, pale pale palipowaka moto wakati wa baridi. Kiangazi kikifika meko hayawashwi, na ukutani hubaki shimo jeusi lenye masizi, tena katika chumba cha kupokelea wageni. Matawi mabichi na maua ndiyo yaliyoliziba.

Moshi wa makaa ya mawe nao ulichangia. Uliitesa mimea ya London hata bustani zikawa taabu kutunza. Thomas Fairchild, mkuza miche wa Hoxton, kitongoji cha London, aliandika mwaka 1722 kwamba wakazi wa London walipamba vyumba vyao kwa mabakuli ya maua na vyungu vya matawi, kuliko kukosa kabisa chochote cha bustani mbele ya macho yao. Wengine waliingiza mmea mzima ndani ya chungu chake, hasa Campanula pyramidalis, wenye maua ya samawati na kimo kinachoweza kufika mita 1.5. Maua yake hudumu zaidi kivulini, na hiyo ndiyo sifa inayotakiwa mekoni.

Mfinyanzi Josiah Wedgwood hakutaka vitu vichanganywe. Katika barua ya mwaka 1772 alieleza kuwa vyombo vya urembo ni vya rafu iliyo juu ya meko, na vyungu vya matawi ni vya chini, mekoni au chini ya meza ya marumaru. Kimoja hakishiki nafasi ya kingine. Lakini wanunuzi hawakumsikiliza sana. Kufikia mwisho wa karne hiyo viwanda kama cha mji wa Derby vilitengeneza vyungu vidogo vya kauri vya kukaa juu ya rafu, umbo la nusu mwezi: mbele pamejipinda na kuchorwa, nyuma pamenyooka ili kiegemee ukuta.

Ufundi wenyewe uko kwenye kifuniko. Kina matundu, na kila tundu hushika shina lake, hivyo tawi halilali upande wala halizunguki. Jaza maji robo tatu kabla ya kupanga chochote, kwa sababu chungu chembamba kisicho na maji hupinduka tawi la kwanza likiingia. Ondoa kila jani litakalozama, maana likioza bakteria huzaliana na kuziba mishipa ya shina, na ua hunyauka huku limesimama ndani ya maji. Kata shina mshazari, sentimita 2 hivi kutoka mwisho, kwa kisu kikali. Tawi gumu lipasue ncha kwa urefu, sentimita 3 zatosha. Wengi hulipondaponda kwa nyundo, nasi tunashauri usifanye hivyo: nyuzi zilizopondeka huoza upesi na kuchafua maji.

Anza na matawi kwenye matundu ya nyuma, kimo chake kisizidi mara mbili ya kimo cha chungu. Maua mazito yafuate katikati, karibu na kifuniko, kisha vikonyo vyembamba mbele. Usilazimishe shina nene kupita tundu dogo. Ukilisukuma, ganda huchubuka, na kifuniko cha kauri huweza kupasuka ukingoni mwa tundu.

Mekoni adui mkubwa ni upepo wa dohani, unaopanda muda wote na kukausha majani. Ziba dohani kwa kizibo chake au kwa ubao, la sivyo ongeza maji kila asubuhi. Bila kizibo masizi nayo hudondoka juu ya petali, hasa mvua inaponyesha. Badilisha maji yote kila baada ya siku mbili na ukate ncha upya.

Kwa chungu cha kale, weka kopo la bati au la plastiki ndani yake lishike maji badala ya chungu chenyewe. Udongo uliochomwa kwa moto mdogo, ukiwa na nyufa kwenye rangi yake ya juu, hunywa maji, na doa la kahawia linaloingia humo ni vigumu mno kulitoa. Kauri yenye dhahabu ioshe kwa maji ya vuguvugu na kitambaa laini bila kuisugua, kwani dhahabu hiyo imekaa juu ya kauri na hukwaruzika upesi.