Tiba ya muziki haimo kwenye simu

Mimi hufanya tiba ya muziki, na wazazi wanaoniletea watoto kutoka Ujiji, Gungu, Mwandiga na hata Kasulu, huku mkoani Kigoma, huja na ombi lilelile: "Mwalimu, nirushie hizo nyimbo za tiba kwenye simu, nitakuwa namwekea nyumbani." Wengine huja na flashi kabisa.

Hakuna nyimbo za tiba. Hakuna orodha, wala mlio maalumu unaofungua ubongo wa mtoto mwenye usonji (hali ya ukuaji wa ubongo inayomfanya awasiliane na kuhusiana na watu kwa namna tofauti), hata kama video imeandikwa hivyo kwa herufi kubwa. Nimelisema hili mpaka nimechoka, na nitaendelea kulisema, kwa sababu kuna watoto wanaokaa mbele ya simu kutwa nzima na nyumbani wanaamini kwamba wanatibiwa.

Tiba ya muziki hufanyika kati ya watu. Mtoto wa miaka minne anaingia, hamtazami mtu, anazunguka chumba akigonga ukuta. Siwashi chochote. Nasikiliza anagonga kwa kasi gani, kisha nagonga vilevile kwenye ngoma, au kwenye kidumu kitupu cha mawese ikiwa ngoma inamtisha. Akiongeza kasi naongeza, akipunguza napunguza. Halafu nanyamaza ghafla. Kazi yenyewe iko hapo. Mtoto ambaye haitiki akiitwa jina mara nyingi hugeuka kutafuta mdundo wake umeishia wapi. Akigonga tena, namjibu. Siku ikifika akagonga mara mbili kisha akangoja, amejifunza kupokezana zamu, na mazungumzo yote ya binadamu yanasimama juu ya kupokezana zamu.

Simu haimngoji mtoto. Haijui kwamba amechoka, amekasirika au anataka kuongoza yeye. Wimbo uliorekodiwa utakwenda mwendo wake hata mtoto akitoka chumbani. Mzazi akiona mwanawe ametulia mbele ya kioo cha simu anahesabu nafuu. Ninachokiona mimi mara nyingi ni mtoto aliyejifungia zaidi, maana pale hakuna mtu anayesubiri jibu lake. Paul Nordoff, mtunzi wa muziki wa Marekani, na Clive Robbins, mwalimu wa Uingereza, walioanza kufanya kazi pamoja na watoto wenye ulemavu mwaka 1959, walikuwa wakitunga muziki palepale, wakimfuata mtoto. Njia yao inafundishwa hadi leo.

Mkitaka kitu cha kufanya nyumbani, zimeni redio na mumwite bibi. Aimbe wimbo wa kubembeleza aliowaimbia ninyi, uwe wa Kiha, Kibembe au Kiswahili, taratibu, uso kwa uso na mtoto. Akifika neno la mwisho la mstari, anyamaze. Asimalizie! Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanangoja kidogo tu, kisha wanajibu wenyewe. Hesabuni kimoyomoyo hadi kumi. Mtoto akitoa sauti yoyote, au akitazama tu mdomo wa bibi, hiyo ndiyo zamu yake, pokeeni, endeleeni. Dakika kumi wakati wa kumwogesha zinanitosha.

Wengine huuliza kama usonji utapona. Hautapona, na anayewaahidi hivyo msimpe pesa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwafuatilia watoto 364 wenye usonji katika nchi tisa, baadhi yao wakipata tiba ya muziki. Baada ya miezi mitano, ukali wa dalili zao hao haukutofautiana sana na ule wa wenzao waliopata huduma za kawaida bila muziki. Mapitio ya mwaka 2022 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za afya, yaliyojumlisha tafiti 26 na washiriki 1,165, yaliona uwezekano wa nafuu katika hali ya jumla na ubora wa maisha, bila ushahidi wa wazi kwamba maneno yanaongezeka. Kwa hiyo siahidi maneno. Naahidi kufanya kazi.

Wajawazito nao wana lao: "Nikimsikilizisha muziki wa Mozart, yule mtunzi wa zamani wa Ulaya, tumboni atakuwa na akili." Hadithi hiyo ilianzia kwenye jaribio dogo la mwaka 1993 lililofanywa kwa wanafunzi 36 wa chuo. Hawakuwa watoto, na faida iliyoonekana ilidumu kama robo saa. Ondoa spika tumboni. Sauti yako inamfika.

Wengine huogopa: "Ngoma itampandisha mashetani." Familia isiyotaka ngoma nyumbani kwake naiheshimu: tutatumia sauti, makofi, au dufu kwa wanaolizoea. Lakini mtoto anayeanguka na kutetemeka, ngoma haikumletea shetani; huenda ana kifafa. Kifafa kinachochochewa na muziki kipo ila ni nadra mno. Mpelekeni hospitali, apate dawa.

Kwa vijana kosa ni jingine. Binti wa miaka kumi na tano aliyefiwa anajifungia na nyimbo za huzuni, mjomba anamnyang'anya simu na kumwekea za kuchezesha "achangamke". Ira Altshuler, daktari wa akili wa Marekani, alieleza tangu miaka ya 1940 kwamba tunaanza na muziki unaolingana na hali ya mtu, ndipo tunausogeza taratibu. Nami humwachia kijana achague mdundo, hata wa singeli, kisha aandike mistari yake mwenyewe. Asiyeweza kumwambia mjomba jambo huweza kulirapu. Akiandika kwamba anataka kufa, hiyo si sanaa ya kusifiwa; anahitaji mhudumu wa afya siku hiyohiyo.

Na mtoto kiziwi? Mleteni. Mtetemo wa ngoma unaingia kwa viganja na nyayo. Evelyn Glennie wa Scotland, mpigaji ngoma wa kimataifa, ana uziwi mkubwa tangu utotoni na hupiga jukwaani bila viatu.

Ila kabla hamjaja kwangu na mtoto "asiyesikia akiitwa", masikio yake yapimwe kwanza, hasa kama yamewahi kutoa usaha. Spika za masikioni nazo mpunguzieni sauti: kwa watoto, Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 75 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 40 kwa wiki.