Tumbo limepungua, mbona bado tunaitwa hospitali? Maswali ya wazazi kuhusu saratani ya figo kwa mtoto

Mimi ni muuguzi wa watoto hapa Mbeya. Maswali haya nimeulizwa na wazazi, mashangazi na mabibi waliotoka Makete, Rungwe, Mbozi na Kyela. Mengi niliulizwa wodini au kwenye benchi la kliniki, na moja niliulizwa stendi wakati nasubiri gari. Yanahusu zaidi uvimbe wa Wilms, saratani ya figo ambayo wengi inaowapata ni watoto walio chini ya miaka 5. Jina hilo ni la Max Wilms, daktari mpasuaji wa Kijerumani aliyeandika juu yake mwaka 1899. Hata hivyo, mzazi mwenye mtoto wa saratani ya damu, ya jicho au ya tezi naye atapata humu cha kumfaa.

Ugonjwa huu hujulikanaje?

Mara nyingi anayeujua kwanza ni mama, kwa mkono wake. Anamwogesha mtoto kwenye beseni, sabuni inateleza tumboni, mkono unakutana na kitu kigumu upande mmoja. Mtoto halii na hana homa, na akishavishwa anakimbilia kucheza. Ndiyo maana wengi hukaa nao majuma mengi wakidhani ni minyoo, bandama au shibe. Wengine huona damu kwenye mkojo. Kipimo cha kuanzia ni altrasaundi ya tumbo.

Ombi langu: tumbo hilo lisiwe la kila mgeni kuligusa. Uvimbe ukiminywa unaweza kupasuka ndani na kumwaga mbegu za saratani tumboni. Basi hakuna kukanda, hakuna kuchanja chale. Jirani akinyoosha mkono mwambie, "Daktari amekataza," wala usione aibu.

Kosa ni la nani?

Si la mtu yeyote. Si chakula alichokula mama akiwa mjamzito, wala si ukoo wa baba. Kwa watoto walio wengi hakuna chanzo kinachojulikana. Tena haiambukizi: mtoto anaweza kulala na wenzake na kula nao sahani moja.

Amepata dripu wiki chache, tumbo limerudi kawaida na anakula ugali. Kwa nini turudi?

Hili ndilo swali linaloniumiza kuliko yote, kwa sababu wapo waliojijibu wenyewe wakabaki nyumbani, na mtoto alipoletwa tena uvimbe ulikuwa umefika mapafuni.

Matibabu huenda kwa hatua. Mara nyingi dawa huanza kwanza, kwa kawaida vinkristini na aktinomaisini kwa wiki kama nne, ili uvimbe unywee na mpasuaji autoe mzima bila kuupasua. Kisha inakuja operesheni, figo lenye uvimbe linaondolewa. Baada ya hapo dawa hurudi tena kwa wiki chache au miezi kadhaa, kulingana na kilichoonekana maabara. Baadhi ya watoto huhitaji pia mionzi, na kwa hiyo husafiri hadi hospitali ya saratani ya Ocean Road jijini Dar es Salaam. Tumbo kupungua ni hatua ya kwanza tu. Mbegu zisizoonekana kwa jicho bado zipo.

Wakulima wa viazi wa Makete na Njombe hawahitaji maelezo marefu hapa. Ukungu ukiingia shambani unapuliza dawa, majani yanachangamka. Ukiacha kwa kuwa majani yamependeza, mvua mbili tu shamba lote limekauka.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona, na katika nchi nyingi zenye kipato cha chini na cha kati hawafiki asilimia 30. Kuchelewa kugundua ugonjwa ni sababu mojawapo, kukosa huduma ni nyingine, na kuacha matibabu katikati ni nyingine. Hiyo ya mwisho familia inaweza kuipunguzia nguvu ikiamua mapema.

Namkumbuka baba mmoja aliyetaka kuahirisha dawa hadi avune. Hakuwa mzembe, shamba hilo ndilo lililokuwa nauli. Ndugu wakakaa kikao. Shangazi akawachukua watoto wawili wakubwa, baba mdogo akabeba mavuno, bibi akabaki na mifugo, mama akaenda na mtoto. Tarehe zote za kliniki ziliandikwa kwa chaki nyuma ya mlango wa jiko, na kila moja ilifutwa baada ya safari. Mtoto yule hakukosa dozi hata moja.

Nauli ikikwama, pigeni simu wodini kabla ya tarehe kupita. Muulizeni afisa ustawi wa jamii wa hospitali kuhusu msamaha. Kwa sera ya Tanzania mtoto chini ya miaka 5 hutibiwa bila malipo katika vituo vya serikali, ingawa usafiri na chakula cha mlezi hubaki mzigo wa familia. Mkipewa rufaa kwenda Muhimbili, ulizeni juu ya Tumaini la Maisha, taasisi inayosaidia matibabu ya watoto wenye saratani.

Bibi anataka kumpa mitishamba pamoja na dawa za hospitali. Kuna ubaya?

Upo, lakini bibi asigombezwe. Bibi mmoja alinitolea kikapuni chupa ya soda yenye maji ya kahawia, akaniambia, "Nesi, hii imelea watoto wangu saba." Nilimwambia kuwa vinkristini nayo ilitokana na mmea: lile ua dogo la rangi ya waridi lenye asili ya Madagaska, ambalo watu hulipanda mbele ya nyumba kwa urembo. Dawa yake ni sumu kali, hupimwa kwa miligramu kufuata mwili wa mtoto, na ini ndilo linaloivunja. Ukiongeza kitu ambacho nguvu yake hatuijui, ini linaweza kulemewa na dawa ikamzidi mtoto. (Wala ua lenyewe lisichemshwe kamwe, linaweza kuua.) Bibi alisikiliza, akakaza kizibo, akairudisha chupa kikapuni. Tangu siku hiyo kazi yake ikawa kumpikia mjukuu uji wa maziwa.

Homa imempanda usiku. Tusubiri kupambazuke?

Msisubiri. Dawa hizi hushusha chembe nyeupe za damu, zinazopigana na vijidudu, mara nyingi zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi. Wakati huo maambukizi madogo yanaweza kumuua mtoto kwa saa chache. Nyuzi 38 au zaidi ni dharura.

Tumieni kipimajoto, msitegemee mkono. Mwezi wa saba Makete, mtoto aliyefunikwa mablanketi mawili karibu na moto ana paji la joto hata kama ni mzima, na aliyetoka nje kwenye baridi ana paji la ubaridi huku homa inapanda ndani. Kipimajoto kikae sehemu moja ambayo hata kaka yake anaijua. Msimpe parasetamo kisha mkalala mkidhani imeisha, inaficha homa tu. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni msimpe kabisa, zinaweza kumfanya atokwe damu na kuumiza figo lililobaki. Wala msimtie dawa kwa njia ya haja kubwa.

Nendeni kituo kilicho karibu na mseme maneno haya kabla hamjaketi: "Mtoto huyu yuko kwenye dawa za saratani, ana homa." Anahitaji antibayotiki za mshipa haraka, ndani ya saa moja ikiwezekana. Kipimo cha malaria kikisoma ndiyo, atibiwe malaria, lakini antibayotiki zisiachwe kwa sababu hiyo.

Akikaa na mwenye tetekuwanga au surua, toeni taarifa siku hiyohiyo hata kama haumwi. Na chanjo yoyote wakati wa matibabu, hata ya kampeni, muulizeni daktari wake kwanza.

Ale nini?

Anachokipenda, ili mradi kimeiva na ni cha moto. Maziwa yachemshwe, hata ya ng'ombe wenu. Ndizi na parachichi zinafaa sana, mnaosha na kumenya wenyewe. Vinkristini hufunga choo, basi maji, uji na papai visikosekane. Akianza kujikwaa au kuburuta vidole vya miguu, mwambieni daktari, nayo ni kazi ya dawa hiyo.

Matapishi na nepi zinaambukiza?

Haziambukizi saratani, ila zina mabaki ya dawa. Kwa siku mbili baada ya dozi vaeni glavu na mnawe kwa sabuni, na mjamzito asizishike.

Kaka yake amenyamaza, hataki kula. Tufanyeje?

Kaeni naye peke yake. Mvulana mmoja wa miaka 7 alikaa miezi akiamini kuwa yeye ndiye aliyemtia mdogo wake uvimbe, kwa sababu alimsukuma wakicheza juu ya lundo la mabua ya mahindi. Hakumwambia mtu. Shangazi aligundua siku mtoto alipomuuliza, "Akifa, polisi watanichukua?" Mwambieni kwa maneno mepesi: hukumfanya wewe, huwezi kuambukizwa, mama atarudi siku fulani. Mama akiwa wodini, apige simu azungumze na huyo pia, si na baba peke yake.

Dawa zimeisha. Sasa je?

Nywele huanza kuota ndani ya miezi michache, kwa sasa kofia ya sufu impe joto. Figo moja linatosha kwa maisha ya kawaida, shule na mpira vikiwemo. Ila kliniki haziishi: kwa miaka miwili ya mwanzo huitwa kila baada ya miezi michache kwa altrasaundi ya tumbo na picha ya kifua, kwa kuwa ugonjwa ukirudi mara nyingi huanzia mapafuni. Presha ya damu nayo hupimwa. Aliyepewa doksorubisini, ile dawa nyekundu, hufuatiliwa moyo kwa miaka mingi.

Kabla hamjaondoka ombeni muhtasari wa matibabu wa maandishi: alikuwa na ugonjwa gani, figo la upande gani lilitolewa, dawa zipi na kwa kiasi gani, mionzi kama alipata. Toeni nakala mbili. Moja ikae kwa shangazi, nyingine kwenye faili la plastiki pamoja na cheti cha kuzaliwa, mbali na pale bati linapovuja.