Je, wajua kwa nini unyunyu wa malimau huisha kabla hujafika Kivukoni?

Kichupa nilikinunua Kariakoo. Boksi lake limechorwa bahari ya buluu, jabali jeupe na mlimau umeinamia maji. Asubuhi Kimara nikajipulizia shingoni na mikononi, nikapanda mwendokasi. Magomeni bado nanukia. Kivukoni nashuka, nanusa mkono: jasho tupu. Na mama aliyekaa mbele yangu, ambaye udi wake nadhani alijifukiza tangu jana, bado alikuwa anatangaza harusi.

Nikajua nimeuziwa feki. Kumbe muuzaji hakuwa na kosa.

Mtazame muuza machungwa wa toroli anavyomenya. Kisu kikizunguka, ganda linarusha manyunyu membamba na harufu inakufikia kabla ya chungwa lenyewe. Manyunyu yale si juisi, ni mafuta yaliyohifadhiwa kwenye vifuko vidogo mno vya ganda. Ukitaka kuyaona, likunje ganda karibu na mwali wa mshumaa: yataruka cheche. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni kitu kiitwacho limonini, ambacho molekuli yake ina atomu 10 za kaboni na 16 za haidrojeni, basi. Ni nyepesi.

Wepesi huo ndio utamu wake na ndio balaa lake. Hakuna kinachonukia mpaka kipae kutoka kilipo kiingie puani. Limonini hupaa kwa fujo, kwa hiyo dakika za mwanzo unanukia kama bustani nzima, halafu akiba imekwisha. Molekuli nyingi za udi zina kaboni 15 na kuendelea. Nzito, zinaondoka kwa zamu, moja baada ya nyingine. Ongeza joto letu la Februari, ngozi ina moto na jasho linatiririka, na safari ya limonini inazidi kufupishwa.

Tena manukato ya aina hii hayakutengenezwa yadumu. Asili yake ni Johann Maria Farina, Mwitaliano aliyezaliwa mwaka 1685 akahamia mji wa Köln, Ujerumani. Mwaka 1708 alimwandikia kaka yake kwamba amepata harufu inayomkumbusha asubuhi ya majira ya kuchipua kwao Italia, mvua ikiwa imekatika na michungwa imetoa maua. Ni mtu aliye ugenini kwenye baridi, anajitengenezea kwao ndani ya chupa. Aliipa jina la mji uliompokea, ambao kwa Kifaransa huitwa Cologne, na kutoka hapo dunia nzima ikapata neno kolonya. Kwa kawaida kolonya huwa na mafuta ya kunukia asilimia 2 hadi 5 hivi, na kilichobaki karibu chote ni spiriti na maji. Watu walikuwa wakijimwagia kwa kiganja ili wapoe, kisha wanarudia.

Mandhari ya Mediterania huingiaje chupani? Juu kabisa, yaani harufu inayotangulia puani, huwekwa bergamoti, tunda dogo chungu kama ndimu iliyonuna, ambalo kwa sehemu kubwa hutoka Calabria, ncha ya kusini ya Italia. Zamani maganda yake yalikamuliwa kwa mkono juu ya sponji, kisha sponji ikaminywa. Chini yake huja maua ya mdanzi, yaani danzi lilelile chungu tunalolijua huku pwani, yaliyochemshwa kwa mvuke. Kisha rozimari au lavenda, majani ya vilima vikavu vya kule. Hayo ndiyo yanayobaki kidogo limau likishatoroka, na mtengenezaji mzuri hutambulika hapo: jabali na vumbi la jua vinasikika baada ya tunda kuondoka. Changu mimi hakikuwa na jabali, kilikuwa na boksi tu.

Hila zipo. Pakaa kwanza mafuta ya mgando kidogo, maana ngozi kavu haishiki kitu. Au pulizia nguo badala ya mwili, ila kanzu nyeupe iepushe, mafuta ya maganda huacha madoa. Na jua la Coco Beach uliogope: mafuta ya bergamoti yasiyosafishwa yana kemikali iitwayo bergapteni, ambayo ikikutana na jua huunguza ngozi na kuacha mabaka meusi, kama yanavyompata anayekamua ndimu juani bila kunawa. Viwanda vingi siku hizi huiondoa, lakini kichupa cha kupimiwa mtaani hakisemi kitu.

Mimi nimeamua kutembea nacho mkobani. Nikifika Kivukoni, kabla ya kupanda pantoni, najipulizia upya, na mpaka Kigamboni panatosha.