Je, wajua alumini huotaje gamba gumu?

Kwenye boti za hapa Mombasa utaikuta bawaba moja ya alumini imechimbika vidoa vyeupe kwa chumvi, na jirani yake, ya kijivu kilichokoza, ukiikwaruza kwa ncha ya kisu kisu kinateleza tu. Wengi hudhani hiyo ya pili imepakwa rangi. Sivyo. Gamba lake limeota kutokana na alumini yenyewe.

Kipande huzamishwa katika asidi ya salfa iliyopozwa hadi karibu na nyuzi 0, kisha umeme ukapitishwa, chenyewe kikiwa upande wa chanya. Oksijeni hushikana na alumini ikawa oksidi, elementi zile zile zinazounda yakuti. Baridi ni lazima, maana asidi yenye joto hulila gamba huku likiota.

Viwanda hufuata zaidi kiwango cha kimataifa cha ISO 10074, au kile cha jeshi la Marekani, MIL-PRF-8625 (zamani MIL-A-8625), kinachoita gamba hili Aina ya III. Mchoro wa kifaa usipotaja unene wa gamba, hicho cha Marekani huchukua takriban mikroni 50 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Nusu yake huingia ndani ya alumini, nusu hujitokeza nje. Ndiyo maana tundu lililochongwa likapokea pini barabara hurudi kutoka kiwandani likibana: limejaa mikroni 25 kila upande, kipenyo kimepungua 50. Fundi makini huchonga akiliachia nafasi gamba ambalo bado halijaota.

Kuna jambo linalotuhusu sana sisi wa pwani. Gamba hilo lina vijitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Kuviziba, kwa mfano kwa maji ya moto, huzuia chumvi isipenye, lakini hupunguza uwezo wa kuhimili msuguano. Kwa hiyo kiwango cha Marekani hakitaki vizibwe pale kazi kuu ya kifaa ni kusuguana. Boti yetu inakabili yote mawili. Kwa maoni yangu bawaba izibwe, na roda inayozunguka mchana kutwa iachwe wazi, ipakwe grisi.

Ukiwa dukani, gusisha taratibu juu ya kipande ncha mbili za mita ya fundi umeme (multimeter), iliyowekwa ilie umeme ukipita. Kwenye alumini tupu mita italia, kwenye yenye gamba itanyamaza, kwa kuwa oksidi haipitishi umeme. Kwenye rangi nako hunyamaza, basi kwaruza kidogo kwa kisu mahali pasipoonekana: rangi itabanduka.