Bugenvilia Isiyochanua Haina Kiu

Juzi mteja alinipigia simu akilalamika kwamba bugenvilia niliyomuuzia miezi minane iliyopita ni "dume", kwa kuwa haijatoa hata ua moja ingawa anaimwagilia asubuhi na jioni na kuiwekea samadi ya kuku kila mwezi. Malalamiko haya nimeyasikia mara nyingi mno katika kitalu changu hapa Dar es Salaam, na kila ninapoyasikia jibu huwa limo ndani yake: maji yale na samadi ile ndiyo yanayozuia maua.

Imani kwamba mmea usiochanua una kiu au njaa, kwa bugenvilia inaharibu kila kitu. Asili ya mmea huu ni Amerika ya Kusini. Mtaalamu wa mimea Philibert Commerson aliukusanya Rio de Janeiro mwaka 1767, akiwa katika msafara wa Mfaransa Louis-Antoine de Bougainville, ambaye ndiye mmea ulipewa jina lake. Ni mmea uliozoea kupitia vipindi vya ukavu, na ukavu ndio unaouashiria kwamba wakati wa kurefuka umekwisha na wakati wa kuchanua umefika. Hata sisi wa Pwani tunaliona jambo hili kila mwaka bila kulitafakari: bugenvilia hupamba mitaa Januari na Februari, hubaki majani matupu masika yanapokolea, kisha hurudisha rangi kuanzia Juni mvua zikishakatika. Anayemwagilia asubuhi na jioni anauwekea mmea wake masika ya mwaka mzima, halafu anashangaa unapofanya kile ambacho mimea hufanya wakati wa masika.

Mwenye shaka aende akaangalie mahali jani linapoungana na tawi. Hapo huchipuka kimojawapo kati ya vitu viwili, mwiba au kishada cha maua, na vyote viwili hutokana na chipukizi la namna moja. Maji na naitrojeni, kirutubisho kilichojaa kwenye samadi ya kuku, vinapokuwa tele, mmea huelekeza nguvu zake kwenye matawi na majani, na chipukizi hilo huishia kuwa mwiba. Nilipofika nyumbani kwa mteja huyo, Mbezi Beach, nilikuta ukuta wa kijani wenye kimo cha mita 4, majani yamenenepa na kung'aa, miiba mirefu ikiwa imejipanga kwenye kila tawi, na udongo wa shinani umelowa kiasi kwamba nilipouminya ulibaki na alama za vidole vyangu. Ng'ambo ya barabara, kwenye kiwanja ambacho hakijajengwa, bugenvilia nyingine imeota kwenye mchanga mtupu, haimwagiliwi na mtu yeyote, na imejaa rangi hadi majani hayaonekani. Nilimwomba asimame getini aitazame kwa dakika moja kabla hatujazungumza lolote.

Nilichomshauri ndicho ninachowashauri wote. Acha samadi ya kuku na mbolea ya urea kabisa kwa msimu mzima. Acha kumwagilia mpaka majani ya nchani yaanze kulegea wakati wa jioni, ndipo uumwagilie mmea maji ya kutosha mara moja, kisha usubiri tena mpaka ulegee. Kwa kawaida rangi huanza kuonekana ndani ya wiki nne hadi sita, ilimradi mmea unapata jua la moja kwa moja kwa saa sita au zaidi, kwa sababu chini ya mwembe hakuna ushauri wangu wowote utakaosaidia. Aliyepanda kwenye chungu ahakikishe kina matundu chini, aondoe kile kisahani kinachotuamisha maji, na asiharakishe kuhamishia mmea kwenye chungu kikubwa, kwa maana bugenvilia huchanua vizuri mizizi yake ikiwa imebanwa. Mche mchanga ndio pekee ninaouondoa kwenye kanuni hii: kwa miezi miwili au mitatu ya mwanzo unahitaji maji mpaka mizizi ishike. Siku ya kuupanda, chana kiriba, yaani mfuko wa plastiki uliooteshewa mche, kwa wembe badala ya kuuvuta mche kwa shina, kwa kuwa mizizi yake ni myembamba na hukatika upesi.

Kuhusu "dume": bugenvilia si mpapai. Kila ua lake lina sehemu za kiume na za kike, na ua lenyewe ni kile kijiua chembamba cheupe kilichomo katikati. Zile sehemu za rangi ambazo watu huziita maua ni majani yaliyobadilika.

Wengine huamini kwamba kuukatakata mmea kila wiki kwa mkasi wa uzio kunachochea maua. Maua ya bugenvilia hutokea kwenye matawi machanga, kwa hiyo anayekata ncha kila wiki anayakata kabla hayajatokeza. Kata mara moja, upunguze matawi kwa kiasi kikubwa, baada ya rangi kupukutika, kisha weka mkasi kando.

Mmea huu pia haujishikizi ukutani wenyewe. Hauna vikono vya kujisokotea na huegemea tu kwa miiba yake, kwa hiyo funga waya mapema, kabla shina halijawa zito. Na wanaokataa kuupanda kwa kuogopa nyoka wajue kwamba nyoka hufuata panya, vyura na mahali pa kujificha. Kichaka kilichoachwa bila kupogolewa juu ya takataka kitamkaribisha nyoka, uwe ni mmea gani.

Mwisho ni wale wanaoniletea picha za klematisi kutoka bustani za Uingereza, maua makubwa ya zambarau yaliyofunika lango, wakiamini kwamba uhodari wa mtunza bustani utatosha kuzistawisha Dar es Salaam. Zipo klematisi za porini zenye maua madogo meupe katika misitu ya milima yetu, huko kwenye baridi, lakini zile za kwenye picha zimezoea kupumzika wakati wa majira ya baridi ya Ulaya, na sisi hata usiku wa Julai hatuna baridi ya namna hiyo, tena unyevu wa hewa yetu huzidisha ukungu kwenye majani yake. Siziuzi, kwa kuwa sitaki kuchukua fedha ya mtu kwa mmea ninaojua hautamfaa. Anayetaka mmea unaotambaa wenye zambarau ya aina ile namwonyesha petrea, ambayo huvumilia joto letu na kutoa vishada virefu vinavyoning'inia, nayo ninayo kitaluni wakati wote.